Kabla Wimbo Haujaingia Kwenye Video Yako

Harusi ya Kitandililo siku hizi haiishi maharusi wanapoondoka ukumbini. Inaendelea Jumatatu, kijana aliyeshika kamera anapokaa na simu yake kuunganisha vipande: bibi harusi akishuka kwenye gari, akina mama wakipiga vigelegele, wajomba waliotoka Iringa na Mbeya wakijipanga kutoa zawadi. Chini ya picha anaweka wimbo wa Bongo Fleva unaovuma, kwa kuwa familia imeuomba. Anapandisha YouTube. Kabla hajamtumia bwana harusi linki, ujumbe umeshaingia kwamba video ina wimbo wenye hakimiliki. Jioni anapigiwa simu na mzee wa familia anayetaka kujua kwa nini video waliyoilipia haifunguki.

Naandika kwa ajili ya kijana huyo, na binti anayefundisha kubebesha miche ya parachichi kwenye TikTok, na mwalimu wa kwaya, na yeyote hapa Makambako na Njombe anayetafuta riziki kwa kamera ya simu. Migogoro ya hakimiliki niliyoifuatilia imenifundisha kwamba mshindi huwa ni yule mwenye ruhusa iliyoandikwa na mafaili yaliyotunzwa. Anayebaki na maneno ya mdomo hupoteza, hata kama haki ni yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushauri wangu inahusu mambo ya kufanya kabla ya kubonyeza kitufe cha kupandisha.

Tuanze na ujumbe wenyewe, maana wengi wanaingiwa hofu bila sababu na wengine wanaupuuza pale ambapo wangepaswa kuogopa. YouTube ina njia mbili tofauti za kukushughulikia. Ya kwanza ni dai la Content ID, mfumo wa kompyuta ulioanza mwaka 2007, ambao unalinganisha sauti na picha yako na kazi zilizosajiliwa na wenyewe. Ukigundua mfanano, mwenye wimbo anaweza kuchukua mapato ya matangazo ya video yako, kuizuia isionekane, au kufuatilia tu inavyotazamwa. Dai la namna hii halifungi chaneli. Njia ya pili ni straiki, na hii ni nzito. Inakuja pale mwenye kazi anapojaza ombi rasmi la kuondoa video na YouTube ikalikubali. Straiki moja hudumu siku 90, na utatakiwa kumaliza somo fupi la hakimiliki. Zikifika tatu ndani ya muda huo, chaneli inaweza kufungwa pamoja na kila ulichowahi kuweka humo. Kwa hiyo ujumbe ukifika, soma kwanza ni wa njia ipi kati ya hizo mbili. Nimeona vijana wakifuta chaneli nzima kwa hofu ya dai ambalo lingeisha kwa kubadilisha wimbo, jambo ambalo YouTube yenyewe inakuruhusu kulifanya bila kuishusha video.

Kuna imani nne zinazosambaa kwenye magrupu ya WhatsApp ya wapiga video, na zote zinawaponza watu. Ya kwanza inasema ukitumia sekunde chini ya kumi, au thelathini, uko salama. Hakuna sheria ya Tanzania yenye kipimo hicho. Ya pili inasema ukiandika "video kwa hisani ya" fulani, umemaliza. Kutaja jina ni wajibu wa kumheshimu mtunzi, na sheria yetu inamlinda katika hilo, lakini jina hilo halikupi ruhusa. Ya tatu ni yale maandishi ya Kiingereza yanayobandikwa chini ya video kusema kwamba mwenye chaneli hana nia ya kuvunja hakimiliki. Maneno hayo hayakuondolei wajibu wowote. Ya nne inasema, "Mimi nimelipia wimbo Boomplay, basi ni wangu." Umelipia kusikiliza. Kuubandika kwenye video ya watu na kuisambaza ni haki nyingine kabisa, na hiyo bado iko kwa mwenyewe.

Sheria inayotuhusu ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Upande wa Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2003 na ofisi yao, COSOZA, kwa hiyo mwenye kazi visiwani asidhani ya bara inamtosha. Jina la sheria yetu lina maneno mawili kwa sababu ndani ya wimbo mmoja mna watu kadhaa wenye haki. Mtunzi wa maneno na sauti ana hakimiliki. Mwimbaji, aliyegharamia rekodi na kituo cha utangazaji wana hakishiriki. Ndiyo maana mwimbaji anaweza kukuambia kwa moyo mweupe, "tumia tu, kaka", na bado ukapata dai: rekodi si yake, aliiuza au iko chini ya lebo. Uliza kila mara nani ana haki ya kukuruhusu, hata kama aliyekuruhusu ni rafiki yako.

Ulinzi unaanza kazi inapotungwa. Huhitaji kusajili ndipo iwe yako. Ulinzi huo kwa kawaida unadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kitu kisicholindwa ni wazo, mbinu, takwimu tupu na habari za siku. Binti wa parachichi hawezi kumzuia mwenzake wa Lupembe kufundisha kubebesha miche kwa hatua zilezile. Anachoweza kuzuia ni mtu kuchukua video yake, sauti yake na maelezo aliyoyaandika. Ugomvi mwingi ninaousikia wa "ameniibia aidia" unaishia hapo, na ni heri mtu alijue hilo kabla hajamlipa wakili.

Sasa matumizi ya haki, jambo linalotajwa sana na kueleweka kidogo. Kifungu cha 12 cha sheria yetu kinaruhusu mambo fulani bila kuomba ruhusa: kunakili kwa matumizi yako binafsi, kunukuu sehemu ya kazi ndani ya kazi yako, kutumia kazi kama mfano katika kufundisha, kuripoti tukio la siku. Masharti yanafuatana nayo. Nukuu isizidi kiasi kinachohitajika kwa lengo lako, itumike kwa haki, na chanzo na jina la mtunzi vitajwe. Ukitengeneza video ya kuchambua wimbo, ukasimamisha kila baada ya mistari miwili ukaeleza tungo, vina na mdundo, una hoja nzuri. Ukiuacha wimbo wote upigwe huku unatikisa kichwa na kusema "hatari sana", hujanukuu chochote, umeurudufu.

Kuhusu tukio la siku, kuna jambo linalowahusu wanaoripoti habari za mitaani kwetu. Ukienda kupiga picha za uzinduzi wa zahanati na kwaya ikawa inaimba nyuma, sheria inakuruhusu kuirusha habari hiyo pamoja na wimbo uliosikika, kwa kiasi kinacholingana na lengo la kuhabarisha. Ukiuchukua wimbo uleule ukautandaza chini ya habari nzima kama pambo, kinga hiyo haipo tena. Shida ni kwamba Content ID haijui tofauti ya hayo mawili. Inasikia wimbo tu. Hapo ndipo unapolazimika kujieleza.

Kujieleza kuna hatua, na kila hatua ina muda wake. Ukipinga dai la Content ID, mdai ana siku 30 za kujibu. Akikaa kimya, dai linaanguka. Ukipinga ndani ya siku tano tangu dai lilipoingia, mapato yote ya kuanzia siku ya kwanza yanashikiliwa mpaka uamuzi utoke, kwa hiyo usilale. Akikataa pingamizi lako, unaweza kukata rufaa, na safari hii ana siku saba. Akiwa bado anang'ang'ania, anaweza kuomba video iondolewe, nawe ukapata straiki. Pima kabla ya kukata rufaa: umejenga hoja, au una hasira tu?

Baada ya straiki inabaki njia ya kupinga rasmi, na hapa naomba usome polepole. YouTube inafuata sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu hakimiliki kwenye mitandao. Kwa sheria hiyo, anayepinga anaandika jina lake kamili na anwani yake, na maelezo hayo anapewa mdai. Aliye nje ya Marekani anakubali pia kwamba akishtakiwa, mahakama ya shirikisho ya eneo ambako YouTube inapatikana, yaani California, inaweza kusikiliza shauri. Mtu aliyeketi Kitandililo anaweka sahihi yake kwenye jambo linalofika San Francisco. Mdai akishapata pingamizi, ana siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi, vinginevyo video inarudishwa. Njia hii ni halali na inafaa sana unapokuwa na haki. Usiitumie kubahatisha.

Kwa kuwa mlango huo unafunguka Marekani, ni vizuri kujua wao wanapimaje. Sheria yao ya mwaka 1976 inaangalia mambo manne: lengo la matumizi yako na kama umeongeza kitu kipya, aina ya kazi uliyoichukua, kiasi ulichochukua, na athari kwa soko la mwenyewe. Mwaka 2017 mahakama ya New York iliwapa ushindi wenye chaneli ya YouTube ya h3h3 waliokuwa wameshtakiwa na mtengeneza video Matt Hosseinzadeh kwa kuchukua vipande vingi vya video yake. Walikuwa wakisimamisha kila mara na kuichambua, kwa ukali, na mahakama ikaona huo ni uhakiki. Hakimu alisema pia kwamba si kila video ya watu kuonyesha hisia zao inapata kinga hiyo. Ukitaka kuegemea hoja hii, sauti yako na fikra zako zionekane kuliko kazi ya mwenzako. Kenya wana orodha yao inayofanana zaidi na yetu: utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na habari za siku, pamoja na kutaja chanzo.

Mpira nautaja kwa kifupi tu. Haki za kuonyesha Ligi Kuu zilinunuliwa na Azam Media mwaka 2021 kwa mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6. Mtu aliyelipa fedha hizo hatakuachia mabao uyarekodi kwenye televisheni ya banda la video na kuyarusha. Zungumzia mechi, chora mbinu, hoji mashabiki stendi ya Makambako. Mabao waachie wenyewe.

Biti zinahitaji maneno zaidi. Novemba 2019 video ya wimbo "Uno" wa Harmonize iliondolewa YouTube baada ya prodyuza wa Kenya, Magix Enga, kulalamika kwamba mdundo wake ulitumika bila ruhusa. Msanii mwenye jina kubwa na timu nyuma yake alikuta kazi yake imeshuka kwa fomu moja iliyojazwa Nairobi. Kijana anayerekodi studio ndogo Njombe mjini ana hatari hiyohiyo, tena kubwa zaidi, kwa sababu biti nyingi anazopewa zimepakuliwa mtandaoni na prodyuza naye hajui masharti yake. Neno "bure" kwenye biti mara nyingi lina maana kwamba ni bure kwa mazoezi, au ni bure mpaka uanze kupata hela. Mwambie prodyuza akuandikie: biti hii nimeitengeneza mwenyewe, sijachukua sampuli ya mtu, fulani anaruhusiwa kuitumia kwenye wimbo huu, kwenye mitandao yote, kwa malipo kiasi hiki, mgawo wa mapato ni huu. Wekeni sahihi na tarehe. Karatasi ya daftari inatosha, alimradi ina majina kamili ya wote wawili.

Ruhusa ya WhatsApp nayo ina uzito wake ikiandikwa vizuri. Tuseme umeirekodi kwaya Jumapili na unataka kuiweka kwenye chaneli yako. Andika hivi:

"Shikamoo mwalimu. Ni mimi niliyepiga video ya kwaya Jumapili. Naomba ruhusa ya kuweka wimbo wa pili, ule ulioutunga mwenyewe, kwenye chaneli yangu ya YouTube na ukurasa wangu wa Facebook. Nitaandika jina lako kama mtunzi na jina la kwaya. Mapato yakipatikana, nusu ni ya kwaya. Mkitaka iondolewe, nitaiondoa ndani ya siku saba. Kama umekubali, naomba unijibu kwa maandishi."

Angalia yaliyomo: wimbo upi, wapi, jina la nani, fedha, na njia ya kutokea. Mwalimu akijibu "nimekubali", piga picha ya skrini na uitume kwenye barua pepe yako siku hiyohiyo, maana simu huibwa na huanguka kwenye maji. Na kwa walimu wa kwaya: msiridhike na kuambiwa "tutawasaidia kujulikana". Kwaya nyingi zimetungiwa nyimbo na walimu wao, zikachangishana nauli na sare, na leo rekodi zao zinaingizia fedha chaneli za watu ambao kanisani kwao hawafahamiki. Jambo hilo linaniumiza, na dawa yake ni kuandikiana kabla kamera haijawashwa.

Nyimbo za vitabuni zina mtego wake. Sauti ya wimbo wa Kijerumani wa karne ya 17 imeshatoka kwenye ulinzi zamani, ila tafsiri ya Kiswahili, au mpangilio wa sauti nne uliofanywa na mtu aliye hai, inaweza kuwa na mwenyewe. Na nyimbo za jadi za Kibena, zile za mavuno na za kumuaga bibi harusi, msidhani hazina mtu. Sheria yetu ina sehemu ya sanaa za jadi: kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili kunahitaji kibali, na jamii na mahali zilikotoka vitajwe. Anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri au Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Na kwa adabu tu, bibi aliyekufundisha wimbo akae kwenye maelezo ya video, kama mwenyewe ameridhia.

Kwa muziki wa chini ya picha, una maktaba ya sauti ya YouTube, ambayo ni bure, na kazi zenye leseni za Creative Commons. Soma leseni yenyewe. Nyingine zinataka jina la mtunzi, nyingine zinakataza biashara, na video ya harusi uliyolipwa ni biashara. Afadhali zaidi, tafuta mpiga gitaa wa hapahapa, mlipe mara moja akupigie vipande vitano, muandikiane. Wateja wako watakuwa na sauti ambayo haiko kwenye video nyingine yoyote.

Imebaki zamu yako ya kuibiwa. Itafika, na nadhani kwa wengi wetu wa mikoani itafika mara nyingi kuliko zamu ya kudaiwa. Unapiga maporomoko ya Luhuji asubuhi ya ukungu, kesho yake unayakuta kwenye ukurasa wenye wafuasi laki kadhaa, jina lako limekatwa. Usianze na matusi kwenye maoni. Ukianza hivyo, wataifuta video, nawe utabaki bila ushahidi. Kwanza rekodi skrini ikionyesha anwani ya ukurasa, tarehe na idadi ya waliotazama. Kisha kusanya ulivyo navyo: faili halisi kutoka kwenye kadi, vipande ambavyo hukuvitumia, mradi wa uhariri, linki ya siku uliyoweka kwa mara ya kwanza. Vile vipande visivyotumika vina nguvu kuliko alama ya jina lako kwenye kona, kwa sababu mwizi hana njia ya kuvipata. Kwa hiyo tumia bando la usiku kuvipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni kabla hujafuta chochote kwenye simu.

Hapo unaweza kujaza ombi la kuondoa video. Fomu ni ya bure na haihitaji wakili. Unaandika kazi yako ni ipi, yake iko wapi, na unathibitisha kwa sahihi kwamba unasema kweli. YouTube inakupa pia chaguo la kumpa mwenzako siku saba aishushe mwenyewe bila straiki, nami nashauri kulitumia unaposhughulika na mtu unayeweza kukutana naye sokoni. Ombi lako likishakubaliwa, unaweza kufunguliwa kifaa cha kuonyesha nakala nyingine za video zako zinapotokea. Usijaze uongo ili kumkomoa mshindani: kudai kwa makusudi kazi isiyo yako kunaweza kukuletea kesi wewe.

COSOTA, ambayo leo ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, inasajili kazi na kutoa cheti, na inasuluhisha migogoro. Nimesema usajili si sharti la kumiliki, lakini cheti chenye tarehe kinafupisha maneno mengi mbele ya hakimu. Sajili zile kazi tano au kumi unazotegemea kukulisha.

Mahakama iko mwisho. Wasanii AY na Mwana FA walifungua shauri dhidi ya kampuni ya simu ya Tigo mwaka 2012 kuhusu nyimbo "Dakika Moja" na "Usije Mjini" kutumika kama miito ya simu. Walifungua katika Mahakama ya Wilaya ya Ilala, na Aprili 2016 mahakama hiyo ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Kampuni ikakata rufaa, na shauri likaendelea. Mahakama ya wilaya inatosha kuanzia, na hilo ni jema kwetu tulio mbali na Dar es Salaam. Ila miaka minne ya hatua ya kwanza pekee ni mingi kwa mtu anayedai laki tatu.

Kwa madai ya kiasi hicho, andika barua. Taja kazi, tarehe uliyoitoa, tarehe waliyoitumia, ambatisha picha za skrini, weka bei yako na siku 14 za kulipa, na useme kwamba wasipojibu utapeleka suala COSOTA. Bei usiitunge siku hiyo kwa hasira. Iandike sasa, kabla hujaibiwa: picha moja ni kiasi gani kwa gazeti la mtandaoni, sekunde 30 za video ni kiasi gani kwa tangazo, na kiasi gani kwa shule au kikundi cha kijiji. Ukurasa uliochukua video yako unaweza kuwa mteja wako mwezi ujao, ukiupelekea ankara iliyoandikwa vizuri, yenye namba yako ya kupokelea fedha.